Mimi mfupi, mume wangu akanichagulia pikipiki ya kwanza: yaliyonikuta hapa Maryland

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio nyumbani na tulio huku kwenye baridi.

Humu mimi ni msomaji wa kimya kimya. Napita, nacheka, naondoka. Ila hili nimelibeba tangu mwaka jana na leo nalitua. Sitaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Waswahili wa DMV, yaani DC, Maryland na Virginia, ni wachache na umbea unasafiri kuliko treni.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Morogoro. Naishi Silver Spring na mume wangu, nitamwita Deo, na binti yetu Nuru, yuko high school. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nursing home moja huko Temple Hills.

La muhimu kwenye uzi huu: mimi ni mfupi. Futi tano sifiki. Kwenye treni lile bomba la juu la kushikilia ni la wenzangu, mimi nashika kona ya kiti cha mtu. Na mwili wenyewe ni wa kupeperushwa.

Gari tunalo moja, na Deo analifanyia kazi ya kubeba abiria. Kwa hiyo mimi ni treni ya Red Line mpaka Fort Totten, nahamia Green Line mpaka Naylor Road, halafu basi. Basi likikuacha imekula kwako. Nafika kazini nimechoka kabla sijamgeuza mzee hata mmoja kitandani.

Ndipo nikapata wazo la pikipiki.

Msicheke. Kuna mama mmoja kazini, mfupi kama mimi, alikuwa anakuja na kipikipiki chake, anapaki karibu na mlango, anavua helmeti, anaingia anatabasamu. Sisi wa basi tunaingia tumenuna. Nikasema kumbe inawezekana.

Nikajiandikisha kozi ya wanaoanza, weekend mbili, kwenye parking ya chuo. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, Mmarekani mweusi, tumwite Denise. Alisoma Kiswahili chuoni miaka ya ujana wake, na aliposikia natoka Tanzania alifurahi utadhani kakutana na ndugu. Kiswahili chake cha kitabuni kabisa, kimenyooka kuliko changu.

"Bibi, je, nyayo zako zote mbili zinagusa ardhi?"

"Zinagusa, mwalimu."

"Vizuri. Pikipiki ambayo ukiikalia nyayo zako hazifiki ardhini bado si yako."

Alinifundisha kuisukuma kinyumenyume, kuiinua ikilala, kuachia klachi polepole. Zile pikipiki za darasani ni ndogo, nyepesi. Nilifaulu. Nikapata M, herufi ya pikipiki, kwenye leseni. Wakuu, siku ile nilitembea kama nimerefuka.

Nikaanza kutafuta ya kwangu. Takoma Park nikampata bibi mmoja anauza ya kwake kwa sababu magoti yamemshinda. Nyekundu, ndogo, kiti kiko chini. Nikakaa. Nyayo zote chini, magoti yamekunja kidogo. Nikamwambia bibi nitarudi na mume wangu aione.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Deo ujanani aliendesha boda Mwanza. Huku leseni ya pikipiki alikuwa nayo, ila pikipiki yenyewe hana. Ana rafiki yake Mkenya, tumwite Njoro, ndiye kiongozi wa kikundi cha waendesha pikipiki wa Afrika Mashariki. Kila Jumamosi wanazunguka halafu wanaishia kwenye nyama choma. Deo alikuwa anawafuata kwa gari.

Basi akaja Takoma Park na Njoro. Deo hata hakuinama kuiangalia. Njoro akacheka.

"Manze, hii nduthi ni ya kupeleka pizza! Ukiingia Beltway upepo wa lori utakubeba, mama Nuru."

"Siendi barabara kuu kama Beltway. Nitapita njia za ndani."

Deo akanishika bega. "Ukinunua ndogo, baada ya muda mfupi utataka kubwa. Mwachie mtu anayejua pikipiki. Niachie mimi."

Nikamwachia. Ni mume wangu, na kweli pikipiki anazijua.

Haikupita muda, Jumapili moja baada ya ibada ya Kiswahili, akaniambia nitoke nje. Nakuta waumini wamezunguka kitu, simu ziko juu. Pikipiki nyeusi, mabomba yanang'aa, injini ya cc mia tisa, usukani umefungwa ribbon. Imetoka kwenye akiba niliyokuwa naiweka kwa ajili ya ile ndogo.

"Surprise!"

Vigelegele. Mama mchungaji akasema kwa sauti, "Wanaume wa hivi siku hizi wako wapi jamani?"

Ningesema nini? Nikapanda. Nilichogusa chini ni ncha za viatu. Nikamnong'oneza, "Deo, miguu haifiki."

Akanijibu huku anatabasamu kwenye simu za watu, "Utazoea. Tutatafuta buti la soli nene."

Wakuu, ogopeni neno "utazoea." Anayelisema huwa si yeye anayezoea.

Nilijaribu. Jioni kwenye parking ya apartment naenda mbele, narudi, nakata kona kwa hofu. Ikiwa inatembea haina shida, inateleza kama siagi. Shida ni kusimama. Kila nikisimama nilikuwa natafuta ardhi kwa vidole.

Buti la soli nene likaletwa. Nikaongezeka urefu wa chapati mbili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua zuri. Deo akasema leo tutoke barabarani, mimi mbele kwenye pikipiki, yeye na Nuru nyuma kwenye gari. Tukaelekea Takoma Park. Kuna stop sign moja iko kwenye kilima, na barabara yenyewe imeinamia kushoto. Nikasimama. Nikashusha mguu wa kushoto.

Haukukuta kitu.

Haikuanguka kwa kishindo. Ililala taratibu kama ng'ombe, na mimi nimeshikilia usukani nikidhani naweza kuizuia. Nani azuie mzigo mara tano yake? Ikaja na mimi, ikanilalia mguu. Nikasikia kifundo kinalia ndani ya buti.

Nikasikia mlango wa gari. Deo anakuja mbio. Naona viatu vyake vimefika karibu na uso wangu. Akachuchumaa.

Akapitisha mkono kwenye tangi.

"Ah! Limebonyea."

Nuru anaelewa Kiswahili chote ila hujibu Kiingereza, mnawajua watoto wetu. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. "Dad! Dad, she's UNDER it!"

Aliyeinua ile pikipiki ni Nuru na mwanaume mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake. Deo alishika baadaye, imeshaanza kunyanyuka.

Mpaka leo anasema alipagawa. Inawezekana. Mimi najua tu ule mkono ulikwenda wapi kwanza.

Kifundo kilivunjika, nikawekewa chuma. Kazi ikasimama. Nikawa mtu wa kochi, mguu juu ya mito, nahesabu magari dirishani.

Deo akasema pikipiki ikikaa sana betri inakufa, ngoja aizungushe. Akaizungusha Jumamosi. Akaizungusha na Jumatano. Mara naona jaketi la ngozi. Alikuwa anarudi ananuka petroli na ana furaha ambayo sijaiona kwake tangu tufike nchi hii. Anaimba bafuni. Mimi niko kwenye kochi namsikia anavyoimba.

Njoro akaja kunipa pole, kabeba machungwa na chapati za mkewe. Si mtu mbaya, niseme haki. Ana mdomo tu.

"Pole sana, mama Nuru. Lakini angalau Deo amepata kitu yake. Huyo jamaa amenisumbua na hiyo model! Kila Sato tukizunguka, 'Njoro, ukiiona mahali niambie.'"

"Tangu lini?"

"Aii, kitambo. Hata kabla wewe uanze hizo story za kusoma nduthi."

Akaangalia zile chapati kama zitamsaidia.

Jioni nilimsubiri Deo avue jaketi.

"Ile pikipiki ulimnunulia nani?"

"Swali gani hilo? Si yako?"

"Njoro kaniambia ulikuwa unaitafuta kabla sijaenda kozi."

Akapandisha sauti. "Sasa mama Nuru, cha mke na cha mume si kimoja? Miaka yote nahangaika nchi hii, kodi, shule ya mtoto, kutuma nyumbani. Nimejinunulia nini? Ningekuambia nataka pikipiki ungekubali?"

Nikamwambia ukweli. "Ningekubali, Deo."

Akaongeza sauti ya TV.

Wakuu, hapo ndipo panaponiuma kuliko kifundo. Ningekubali. Ningempikia na pilau la kuikaribisha. Hakuwa na haja ya kunipitisha mimi chini ya ile chuma ili aipate.

Nilimpigia yule bibi wa Takoma Park. Ile nyekundu ilishaondoka zamani. Nilipopona nikarudi kwenye treni, sasa nachechemea.

Baridi lilipoisha, nimeshaweka akiba nyingine kidogo, nikatafuta nyingine. Safari hii nilikwenda na Nuru peke yake. Ni ya cc 250, ya bluu, imechunika ubavu. Nikakaa. Nuru akalala tumbo kwenye lami, kaweka shavu chini anaangalia soli zangu. "Flat, Mom. Both of them." Mwenye nayo akanikubalia nikailaza pale uani, nikaiinua mwenyewe. Akanipigia makofi, nikailipia.

Sasa kazini nakwenda nayo. Napita njia za ndani, malori siyajui.

Ningependa niishie hapo, ila niliahidi kusema kweli. Jumapili ya kwanza baada ya kuinunua nilifika nayo kanisani. Watu wakanizunguka. Deo akasimama katikati, kaweka mkono kwenye kiti changu.

"Huyu nimemfundisha mimi. Nilimwanzishia na kubwa makusudi, ili ndogo aione mchezo."

Wakacheka. Wakampongeza. Mama mchungaji akampa mkono. Nuru alinikazia macho, anasubiri mama yake aseme neno.

Nilitabasamu, nikafuta kioo cha helmeti ambacho hakikuwa na vumbi. Nuru akaingia kwenye gari akafunga mlango.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu. Ukiwa mfupi unaanza pikipiki, kalia mwenyewe, sukuma mwenyewe, ilaze uiinue mwenyewe. Usikubali kuzawadiwa mbele ya umati, hutaweza kukataa. Na mtu akikuchagulia chombo kisichokutosha, mtazame yeye urefu wake. Huenda kinamtosha.

Haya, uwanja ni wenu. Wafupi wenzangu muanze, mniambie mmeanza na nini. Akina baba mnaotaka kumtetea mwenzenu, karibuni pia, nitawasoma wote nikitoka shift.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, bado tuko pamoja. Nyumba moja, pikipiki mbili, na hakuna anayempakia mwenzake.