Kunguru wa Mwisho

Siku hiyo Mama Mitego alikuwa hakamatiki. Tangu asubuhi yuko mbio, darubini inamgongagonga kifuani, viatu vimejaa vumbi, na kila aliyepishana naye alipewa habari bila kuomba. "Amebaki mmoja jamani! Mji mzima, mmoja tu!" Muuza magazeti akamtania, "Sasa ukimmaliza huyo utafanya kazi gani?" Akajibu bila kusimama, "Nitakuja kukutega wewe!"

Usimsikie hivyo ukadhani ni mwanamke katili. Zamani alikuwa mfagiaji wa bustani ya manispaa. Kila msimu chozi, vile vindege vidogo vinavyonyonya maua, walijenga viota vyao kwenye ua, na kila msimu kunguru walishuka wakachomoa makinda mmoja baada ya mwingine, mama yao akirukaruka pembeni kwa uchungu. Na kunguru wenyewe wala si wa pale. Waliletwa na meli, wakanogewa, wakazaana mpaka basi. Mwishowe bustani nzima haikusikika ndege mwingine. Mradi wa kuwaondoa ulipotangaza nafasi za kazi, mama wa watu alitupa ufagio akawa wa kwanza mlangoni.

Mtego wao ni banda la waya, na ndani yake anawekwa kunguru mmoja mzima, analishwa na kunyweshwa vizuri. Huyo akiita, wenzake hawajizuii. Wanashuka kuona kuna nini, wanaingia, kutoka hawajui. Mama Mitego anawavunja shingo, chap, hata hawajasikia maumivu. Tabu ni kwamba kunguru akishakukariri sura, umekwisha. Watakuzomea mpaka mlango wa choo! Ndipo alipojifanya mjanja, akaanza kwenda kazini na koti na kofia ya mumewe. Aliona amewaweza. Kumbe masikini mumewe, fundi saa, mpole wa maneno mawili matatu kwa siku, ndiye aliyebebeshwa zigo. Akitoka tu na koti lake, kundi zima liko juu ya kichwa, linamsindikiza kwa matusi mpaka kazini. Mtaa ulicheka hadi mbavu zikauma. Fundi hakugombana na mtu. Alianza kutembea na vipande vya mkate mfukoni, awarushie wanyamaze.

Basi, jua likiwa kali, Mama Mitego akamwona. Yule pale, juu ya paa la gereji! Akamfuata. Kunguru akahamia kwenye nguzo ya umeme, mama huyo chini yake. Akakatiza uchochoro, akapita chini ya kamba za nguo, shuka mbichi likampiga usoni, akacheka peke yake. Moyo unadunda! Kunguru akakunja bawa, akatua kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza, akaingia ndani. Mama Mitego akatazama lile dirisha. Lilikuwa la chumba cha kazi cha mumewe.

"Leo ni leo!" Alipanda ngazi mbilimbili, akausukuma mlango. Na hapo akamwona kunguru juu ya meza, katikati ya mikanda na vioo vya saa, anakula mkate mkononi mwa Fundi.

"Taratibu," Fundi alisema. "Utamtisha Mpangaji."

"Nani?"

Kunguru alipiga yowe, akarukia nje ya dirisha, akabaki kwenye ukingo.

"Kumbe ndiyo maana haingii mtegoni!" Mama Mitego aliwaka. "Nahangaika juani, mume wangu mwenyewe anamshibisha!"

"Wenzake wote umewamaliza. Amebaki na mimi tu. Kosa lake nini, mke wangu?"

"Na makinda wa chozi, kosa lao lilikuwa nini?"

"Mmoja tu. Atazaa na nani?"

Hapo, wallahi, Mama Mitego alitamani kukubali. Ni nani angejua? Angesema amempata amekufa, mambo yakaisha, na mumewe akabaki na rafiki yake. Lakini kazi yake aliijua mno.

"Mimi nawakamataje, Fundi? Si kwa mmoja anayeita? Ukimwacha hapo dirishani, ni mtego wangu uleule, ila unawaleta mjini. Ikipita meli na wawili watatu, watamsikia. Tutaanza upya. Na chozi ndiyo kwanza wamerudi bustanini."

Fundi alikusanya makombo ya mkate mezani.

"Kwako haji," akasema.

"Najua."

"Kwangu anakuja."

Akamega mkate. Mkewe akajibana nyuma ya mlango. Kunguru alichungulia, akaruka mezani, akasogea mpaka kwenye kiganja chake alichokizoea. Kwa mkono wa pili Fundi alifunga dirisha. Akamshika kwa mikono miwili, akampapasa mgongo, na yule ndege wala hakupapatika. Kisha akamkabidhi mkewe, akatoka kwenda ngazini.

Chap. Mikono ya Mama Mitego haikukosea.

Halafu simu! Mkuu wa mradi alipiga kelele hadi spika ikakoroma. Muuza magazeti alisikia, akawaita wenzake, ngazi zikajaa watu, mmoja anapiga mluzi, mwingine anagonga sufuria. Walimbeba Mama Mitego juujuu, naye akacheka, akacheka kweli, maana miaka yote ile ya kazi imefika mwisho na furaha yake haikuwa ya kuigiza. Toka juu ya mabega ya watu akamtafuta mumewe. Alikuwa kando ya ukuta, anapiga makofi pamoja na wengine.

Wakamshusha mbele yake. Mama Mitego alisubiri mumewe amseme. Angemsema, angejua la kujibu.

"Hongera, mke wangu," Fundi alisema. "Umefanya kazi nzuri."

Akamkumbatia. Watu wakashangilia zaidi, wakidhani wote wawili wanacheka, na Mama Mitego akamshika mumewe kwa nguvu asianguke, maana Fundi alikuwa analia kwa kwikwi begani mwake.