Nyasi Zilizoachishwa Ziwa

Yule mtafiti wa nyasi hapa Manchira huvua viatu kabla ya kuingia kwenye vitalu vyake. Hutambaa akipima majani kwa pingili ya kidole gumba. Shina linalozidi hapo analing'oa, akilitukana kwa Kikurya kama ng'ombe aliyeingia shambani. Miaka saba amezichavusha na kuzichagua, akabakiza zile tu zinazostahimili kiangazi bila maji wala kufyekwa. Jana nilimpeleka kwenye hoteli iliyozipanda. Tulikuta mpira ukizimwagilia tangu alfajiri, na nje ya uzio jirani yetu Nyangi na wenzake wamekalia ndoo tupu, kwa sababu bomba la mtaa limekauka wiki nzima. "Ndama nimemwachisha ziwa miaka saba," mtafiti alimfokea meneja, "wewe unamnyonyesha?"

"Mzee, wageni wanapenda kuona maji yakiruka."

Mzee aliukamata ule mpira, akavuka nao katikati ya nyasi zake, viatu vikiwa miguuni, akaurusha ng'ambo ya uzio.

"Nyangi, kinga ndoo."