Wigi la Mume wa Nyumbani

Mama Sare aliitwa hivyo kwa sababu alishona sare za shule za mtaa mzima, na mtoto aliyechana kaptura asubuhi alijua mchana aende wapi. Chumba chake kilikuwa na cherehani mbili, moja ya kazi na nyingine ya kuchokonolewa kwa bisibisi. Watu walidhani anashona tu. Hawakujua kwamba mguu ukiwa kwenye pedali, kichwa kinatunga.

Alikuwa pia kwenye kikundi cha maigizo kilichofanya mazoezi katika ukumbi wa mtaa. Miaka yote alipewa sehemu za kulia: mjane, mama mgonjwa, mke aliyeachwa. Safari hii akawaambia machozi yamemwisha, na akaja na mchezo wake mwenyewe, wa mambo yaliyopinduliwa. Wanawake ndio wanaokwenda kazini na kurudi wamenuna. Wanaume wanapika, wanafua, wanaulizwa walikuwa wapi, na wakienda dukani wanapigiwa miluzi na wasichana wa kijiweni. Yeye akawa mke. Mumewe wa jukwaani akawa muuza nyama wa sokoni, pande la mtu lenye sauti ya kuita wateja wa mbali.

Maneno ya yule mke hakuyatunga. Aliyachukua nyumbani kwake, kwa mumewe mtunza ghala, kama yalivyo. Kila jioni akianza kumweleza jambo, alikatwa palepale: "Nimeuliza chakula, sijauliza habari." Hakuwa mtu mbaya. Hapigi, halewi, ada analipa. Ila masikio aliyaacha ghalani. Mama Sare alitaka kitu kimoja tu, mumewe ayasikie maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine.

Siku ya kwanza ukumbi ulifurika. Muuza nyama, bila kumshauri mtu, akatokea na wigi, gauni la maua, matiti ya matambara na sauti ameibana puani. Watu wakavunjika mbavu. Mama Sare alipolisema lile neno la chakula watu walizidi kucheka tu, kwa kuwa titi moja lilikuwa limeshuka tumboni. Mtunza ghala alicheka hadi akajifuta machozi kwa shati.

Njiani alikuwa bado anacheka. "Yule jamaa ni hatari. Lakini yule mke unayemwigiza, hapana. Hana adabu."

"Hana adabu?"

"Hata chembe. Mtu anakusimulia mambo ya nyumbani, wewe unamkata?"

Mama Sare alimtazama kuona kama anatania. Hatanii. Hasira ikampanda, na katikati ya hasira nusura naye acheke.

Kesho yake mazoezini hakuzunguka. "Wigi basi."

"Dada, watu wanakuja kwa ajili ya wigi," muuza nyama akasema.

"Ndiyo maana. Wanamcheka mwanamume aliyejifanya mwanamke. Mimi nataka mwanamume. Shati lako, ndevu zako, sauti yako."

"Si wateja wangu watadhani nyumbani kwangu ndivyo nilivyo?"

"Hapo sasa umeuelewa mchezo."

Mwenyekiti wa kikundi akaingilia. "Mama Sare, watu wasipocheka ukumbi hatupewi tena. Msimamizi wa ukumbi ameshasema."

"Tusipewe."

"Una kichwa kigumu."

"Ndicho nilicho nacho. Hilo wigi nipeni mimi, nitachomekea pini zangu za kushonea."

Siku ya pili mtunza ghala alirudi kucheka tena, na wenzake wa ghalani amewaleta. Wakajipanga mstari wa mbele. Muuza nyama akaonekana na shati lake la kila siku, anakoroga sufuria. Watu wakacheka kidogo wakilisubiri wigi. Halikuja. Wasichana walipompigia miluzi, wanawake wakaangua kicheko, wanaume wakatazamana. Bwana mmoja akasimama. "Huu si mchezo, haya ni matusi," akasema, akatoka, na wengine wakamfuata. Nyuma ya pazia mwenyekiti alikuwa amejishika kichwa. Mama Sare aliogopa, lakini hakukusudia kuruka hata neno moja.

Akaingia jukwaani, akatupa mkoba, akakaa na kuuliza chakula. Muuza nyama akasogea akijipangusa mikono. "Ijumaa mtoto wetu anasoma shairi lake mbele ya wazazi," akasema taratibu, kwa ile sauti yake nene. "Amesema anataka sana uje..."

"Nimeuliza chakula, sijauliza habari."

Lile jitu zima likainamisha kichwa, likaenda kupakua. Hakuna aliyecheka.

"Mjibu, bwana!"

Alikuwa mtunza ghala. Amesimama. "Usiondoke. Mwambie mtoto anamtaka."

Wenzake wakamvuta shati, hakukaa. Alikuwa na uchungu wa kweli kwa ajili ya yule muuza nyama, ulionekana usoni. Kisha akamgeukia mkewe pale juu, amsute, na hapo akayatambua yale maneno. Mama Sare aliona jinsi alivyoyatambua. Alikuwa ameisubiri saa hiyo kwa muda mrefu, na ilipofika alimwonea huruma kuliko alivyotarajia.

"Hiyo Ijumaa," mtunza ghala akasema polepole, "ilikuwa lini?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Mama Sare. Muuza nyama alikuwa ameshamkabidhi sahani na kijiko, na angeweza kula chakula cha mchezoni na kuendelea, kama walivyofanya mazoezi. Akaweka kijiko chini.

"Muhula uliopita."

"Alisoma?"

"Alisoma. Alisoma akitazama mlangoni."

Mtunza ghala alibaki amesimama, mikono hajui aiweke wapi.

"Sasa kaa, Baba," Mama Sare akamwambia. "Mchezo haujaisha."

Akakaa. Wenzake wakamnong'oneza kitu, akawaambia wanyamaze, anasikiliza.