Ngozi ya Pampu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba baridi ya milima yetu na akatuumbia moto wa kuikabili, anayetoa na kutwaa na kubaki Mwenye kurehemu. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa kuniachia kumbukumbu wakati macho na magoti ameanza kuyachukua taratibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo mume wangu alipofariki, mjini Iringa, mwanzoni mwa kipupwe, katika miaka ile ya hamsini. Alikuwa dereva wa lori kati ya Iringa na Mbeya. Homa ilimshika njiani, akafika nyumbani ameegemea bega la utingo wake, na siku ya nne tukamzika. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Katika vyumba vyetu viwili tulibaki mimi na mama yake, Mngoni wa Songea, mjane kama nilivyokuwa sasa, na mgonjwa wa pumu.

Kwa sababu ya pumu hiyo mume wangu alikuwa amenunua jiko la pampu, la mafuta ya taa, kutoka kwa watu waliokuwa wakihama kambi moja ya dhahabu huko Chunya. Halikuwa jipya. Tangi lake la shaba lilikuwa na kovu ubavuni. Lakini ukilisukuma pampu yake, upepo ulikandamiza mafuta, mafuta yakapanda kwenye kichwa chenye moto, yakageuka mvuke, yakatokea kwenye kitundu chembamba kuliko ncha ya sindano na kuwaka buluu, bila moshi. Mama mkwe alipobanwa kifua nililiweka karibu na kitanda chake na sufuria ya maji, akavuta ule mvuke wa maji mpaka pumzi ikamrudia. Kuni na mkaa vilikuwa uani, kwenye jiko la wapangaji wote, na moshi wake ukiingia chumbani alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi.

Siku ya tatu baada ya maziko, khitma ilipokwisha, wanawake wa mtaa walitusafishia nyumba. Mungu awalipe, walifanya kwa mapenzi. Walifua, walipiga deki, wakaliona jiko limejaa masizi ya miaka. Wakafungua kila kilichofunguka, wakakisugua kwa majivu na maji ya moto, wakakianika juani kutwa nzima. Jioni waliniletea jiko linalong'aa kama la dukani. Nikawashukuru, nikaliwasha. Lilitoa ulimi mmoja wa moto wa njano, likatema moshi, likazimika.

Mume wangu, jiko lilipomsumbua, alichukua sindano ya kuzibulia akachokoa kile kitundu. Ndilo jambo pekee nililowahi kumwona akilifanya, basi nami nikalifanya hilo hilo. Nilichokoa siku mbili.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliishi Mbeya, upande wa Uyole, na nyumba yake ilikuwa na jiko la nje lililo mbali na vyumba. Habari za jiko zilipomfikia aliandika barua kwa upole: "Shemeji, viatu na nguo za kaka haki yangu nimemwachia mama. Lakini mwezi ukiandama, kama jiko halijapona, nitakuja kumchukua. Sitaki kuzika wawili."

Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa kwenye eda, na mjane hukaa eda yake katika nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, nisingeweza kumfuata. Mama mkwe alisikia barua ikisomwa, akageukia ukutani.

"Mimi nilimleta duniani, wewe ulimfumba macho," alisema. "Nataka tumalize pamoja. Baada ya hapo wanipeleke wanakotaka."

Tulikuwa na wiki tatu.

Nilimtumia salamu fundi wa taa na majiko, mzee wa Kihehe aliyekuwa na meza yake karibu na soko. Alikuja anapapasa ukuta kwa fimbo, kwa kuwa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Taa aliweza kuzisikiliza na kuzigusa, lakini nyufa ndogo hakuweza tena kuziona. Akaketi barazani. Mimi nilikaa ndani nyuma ya pazia, kama desturi ya eda ilivyotaka.

"Mwanangu," alisema, "wewe una macho lakini huna ruhusa ya kutoka. Mimi nina ruhusa ya kutoka lakini sina macho. Tukiunganishwa tunapata fundi mmoja, tena wa wastani."

Kutoka kitandani mama mkwe akasema, "Mhehe, hata ulipokuwa na macho hukuwa fundi."

"Mngoni, pumua kwanza, matusi baadaye."

Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zao walipigana, wajukuu wakabaki na ruhusa ya kutukanana, na ruhusa hiyo haifungwi hata na msiba. Tangu tuzike sikuwa nimemsikia mama mkwe akisema neno lenye chumvi.

Fundi akaniuliza, "Ukisukuma pampu, inakukatalia au inakuachia?"

"Inaniachia. Inateleza tu, kama haina kitu mbele."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilizibua kitundu."

"Kitundu kikiziba, mwanangu, pampu huwa ngumu, kwa sababu upepo hauna pa kutokea. Umemtibu jino mtu anayeumwa tumbo. Iache sindano hiyo, utakipanua kitundu na hapo hakuna dawa."

Akaniambia nifungue pampu, nivute fimbo yake, nimweleze kilichopo mwishoni. Kilikuwa kikombe kidogo cha ngozi, kama kofia ya kidole gumba, kimekauka na kusinyaa. Nikakiweka kwenye sinia, nikalisukuma sinia chini ya pazia. Alikifikicha muda mrefu.

"Hii ilioshwa kwa majivu," alisema. "Ikaanikwa. Ngozi hii huishi kwa mafuta, wao wakaiogesha kama maiti."

Hapo hakuna aliyecheka.

Tuliilaza kwenye mafuta ya nyonyo siku nzima. Iliporudishwa ilishika upepo kidogo, na kwa upepo huo fundi akanifundisha kutafuta pengine palipoharibika: nipake povu la sabuni kwenye kila kiungo na nitazame. Shingo ya kichwa haikutoa kitu. Kwenye kifuniko cha tangi povu lilivimba na kupasuka, likavimba tena. Pete ya mpira iliyokuwa ndani ya kifuniko ilikuwa imekuwa ngumu kama kucha. Nilikata nyingine kutoka kwenye kipande cha mpira wa ndani wa tairi la lori, kilichokuwa kwenye sanduku la vifaa la marehemu, na povu likatulia. Nilimshukuru Mungu kwa kosa hilo dogo lililokubali kurekebishwa.

Lakini ngozi ilikuwa na ufa ukingoni, na siku ya tatu ikapasuka kabisa. Maduka ya Iringa hayakuwa nayo. Shemeji alitafuta Mbeya mpaka Mbalizi, akakosa. Fundi alijaribu ngozi mpya ya ng'ombe. Ilikuwa nene, haikukunjika. Akajaribu kipande cha mkanda wake mwenyewe.

"Nikiendelea hivi," alisema, "nitarudi nyumbani nimeshika suruali kwa mikono."

Alihitaji ngozi nyembamba iliyolainishwa kwa kutumika sana. Mimi nilijua ilipo, na nilijua kwamba mama mkwe naye anajua. Makubadhi ya mume wangu yalikuwa chini ya mto wake. Alilala nayo tangu siku ya maziko. Ukanda wa juu ulikuwa umelainika kwa mguu wa mwanawe, na alama ya kidole gumba bado ilionekana.

Nilimwambia polepole. Alisema, "Hapana." Nilipotaka kuongeza neno alisema, "Afadhali nikose pumzi."

Sikumlaumu. Ningekuwa mimi, nisingetoa. Nilirudi kwenye pazia, nikamweleza fundi hali ilivyo, kwa sauti ya chini. Zilikuwa zimebaki siku nne shemeji afike.

Fundi akagonga fimbo yake sakafuni. "Mngoni," aliita, "siku ya maziko mimi mtani wako nilikuja, nikasimama kaburini, nikaondoka mikono mitupu. Sikudai kitu."

Desturi ni kwamba mtani akidai chake msibani hapewi maneno, hupewa kitu. Wengine hudai kuku, wengine shuka. Anayefiwa hana ruhusa ya kumnyima.

"Leo nimekuja kudai," akasema. "Nataka kiatu kimoja cha marehemu. Cha kushoto au cha kulia, chagua wewe, usiseme Mhehe ana tamaa."

Nilisikia kitanda cha mama mkwe kikilia. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye pazia, anashika ukuta, anavuta pumzi kwa sauti, akaweka kiatu cha kushoto kwenye sinia.

"Chukua," alisema. "Mla mizoga mkubwa wewe."

"Nimepokea, Mngoni. Mungu amlaze pema."

Kisha lile sinia likarudi kwangu chini ya pazia na kiatu kikiwa juu yake. "Kata wewe mwenye macho," alisema fundi. "Na usikate penye alama ya kidole."

Nilikata duara, nikalikunja likiwa limelowa kwenye ncha ya chupa mpaka likawa kikombe, nikalilaza kwenye nyonyo. Kesho yake nilisukuma pampu, nayo ikanikatalia. Moto ukawaka buluu, ukavuma. Mama mkwe aliusikiliza amefumba macho, machozi yanamtoka, na kifua chake kikafunguka.

Shemeji alikuja, akaukuta moto huo, akanywa chai iliyopikwa juu yake, akarudi Mbeya peke yake. Tulimaliza eda pamoja, mimi na mama. Nilikoga na kuvua nguo za ukiwa, ndipo shemeji aliporudi kumchukua. Mama alipanda basi na kiatu cha kulia kwenye furushi la nguo. Cha kushoto aliniachia, na jiko pia. Mwaka haukwisha tukaletewa habari kwamba amefariki. Sikuwahi kuliona kaburi lake ila baada ya miaka mingi, nikiwa tayari mke wa mtu mwingine na mama wa watoto.

Ngozi ile ilidumu miaka sita. Nilipoibadilisha kwa ya dukani niliifunga kwenye kitambaa, nikaifukia chini ya ua wangu.

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akuweke karibu na watu wa kukuombea, akupe pumzi nyepesi na moto usio na moshi nyumbani kwako. Na uliofiwa nao awakutanishe nawe mahali pasipo na baridi. Amina.