Wachunga Mawingu Barazani Kwetu

Kichaka cha chai kilichokatwa vizuri kiko bapa kama meza, na kitabu kinakaa juu yake bila kushikwa. Hilo niligundua nikiwa kidato cha pili, shambani kwetu Mpuguso, nikajiona mjanja kuliko wanafunzi wote wa Rungwe. Mkono mmoja unafunua kurasa, mwingine unachuma. Nilichosahau ni kwamba chai huchumwa kwa macho: majani mawili machanga na ncha yake, basi. Mimi nilichuma chochote kilichopita chini ya vidole. Kwenye banda la mizani karani alizamisha mkono kikapuni mwangu, akatoa majani magumu na vijiti, akauliza mbele ya watu kama siku hizi tunauza kuni. Kikapu kizima kikakataliwa.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vitano, vya Kiingereza, vya maktaba ya shule. Vilisimulia nchi ambako watu huchunga mawingu kama ng'ombe, na binti mmoja aliyepotelewa na kundi lake. Shuleni tulivipangia foleni, na aliyemaliza cha kwanza alitembea kama waziri. Tulikuwa watoto wa migomba na viazi, Kiingereza tulikikimbia kama bakora. Kwa ajili ya yule binti tulianza kugombania kamusi. Msichana mmoja ambaye hakuwahi kunyoosha mkono darasani alisimama akambishia mwalimu kuhusu maana ya neno, na alishinda.

Babu, mzaa baba, ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba, maana baba alifanya kazi Mbeya. Habari ya kikapu ilipomfikia hakufoka. Alisema vitabu virudi shuleni Jumatatu na visionekane tena nyumbani kwake. Nami, kwa hasira niliyorithi kwake mwenyewe, nikamwambia anahukumu kitu asichokijua.

Nilisubiri kichapo. Babu alinitazama, akavuta kiti chake.

"Basi nisomee," alisema. "Nikichoka, vinaondoka."

Kwa hiyo kila alasiri nilikaa barazani nikimgeuzia Kiingereza kuwa Kinyakyusa, sentensi kwa sentensi, jasho likinitoka. Alikuwa msikilizaji msumbufu. Kama mfugaji, mambo mengi hayakumwingia akilini. "Mawingu gani hayo hayapelekwi kunywa maji?" aliuliza. "Na dume lao liko wapi?" Lakini siku ya nne ni yeye aliyeniita kabla sijavua sare za shule.

Mama alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta. Kwa mila ya kwetu mke humwogopa baba mkwe: hakai naye, hamtazami usoni, hasemi neno akalisikia. Wengi siku hizi wameiacha, ila mama aliishika tangu siku aliyoolewa. Babu akitokea kwenye migomba, yeye huzunguka nyuma ya nyumba. Chakula cha babu nilikibeba mimi. Miaka kumi na sita walikuwa wameishi kiwanja kimoja, na babu hakuwa ameisikia sauti yake hata mara moja.

Hata hivyo alikuwa anasikiliza. Hadithi ikikolea, kisu chake cha kumenyea ndizi kilinyamaza. Tena kila sura nilimsimulia yeye kwanza, jikoni, kufanya mazoezi kabla ya kwenda kwa babu. Kwa hiyo alikuwa mbele ya babu kwa siku moja, na alilifurahia jambo hilo kupita kiasi.

Kitabu cha tatu kikaniletea balaa. Humo binti anafundishwa kuita mawingu na mwanamke mchawi, na babu alikuwa mzee wa kanisa. Niliviona vitabu vyangu vikiondoka. Nikaruka sura nzima, nikamfikisha binti mlimani akiyaita mawingu, nikasoma kwa sauti kubwa ya mtu asiye na kosa.

"Umeruka!"

Sauti ilitoka ukutani.

"Yule mchawi umempeleka wapi? Bila yeye, huyo mtoto kajuaje kuita mawingu? Msomee babu yako vizuri!"

Mama alikuwa ametambua alichofanya. Niliogopa, na mara hiyo si kwa ajili ya vitabu.

Babu alivua kofia, akaiweka gotini.

"Aliyosema ni kweli?"

"Ndiyo, babu."

"Kwa nini umeruka?"

"Kuna mchawi. Niliogopa utavirudisha."

Alicheka hadi akakohoa. "Habari za wachawi nilizisikia kabla baba yako hajazaliwa. Kinachonichosha ni kudanganywa. Rudi nyuma, usome yote." Halafu akaugeukia ukuta, akamshukuru polepole, "Ndaga fijo, mwanangu. Huyu alitaka kuniibia."

Tulisubiri. Nilisikia kisu kikiwekwa chini.

"Asante, baba," mama akajibu.

Nilisoma ile sura huku machozi yakinilenga kwa furaha, na sikujali nani ananiona. Vitabu vilibaki. Shambani nikaanza kuchuma kwa macho, na karani akakosa la kusema. Leo kazi yangu ni kutafsiri vitabu vya watoto, na watu hudhani nilijifunza chuoni. Chuoni nilipewa cheti tu.

Kitabu cha tano tulikimaliza msimu wa mvua. Siku hiyo mama alitoka jikoni na kigoda chake, akakaa barazani. Alimpa babu mgongo, kwa heshima, lakini alikaa. Nilipofunga kitabu, babu alitikisa kichwa akasema yule binti alikosea kubaki mlimani na mawingu yake, angerudi nyumbani kwao akaolewa.

Mama, bila kugeuka, akamwambia, "Hapana, baba. Hujaelewa."