Nyumba Niliyouziwa Homa Bay

Kutoka Mombasa hadi Nairobi nilikuja kwa treni, kutoka Nairobi hadi Kisii kwa basi lililotuharibikia Narok, na kutoka Kisii hadi Migori juu ya magunia ya chumvi, nyuma ya lori lililokuwa likielekea Isebania, mpakani. Nilikuwa nimeingia miaka ya arobaini na nimechoka kulala katika vyumba vya watu. Nilitaka boma kama lile la baba yangu pale Suna, hapo hapo Migori, ambamo mtoto angeweza kukimbia mpaka asisikie akiitwa. Nilipofika nikakuta ndugu zangu wamelijaza vyumba vya kupangisha hadi mlangoni pa jiko la marehemu mama. Wakaniuliza nitakaa siku ngapi. Niliondoka kabla chai haijapoa.

Homa Bay nikapata nyumba. Ilikuwa ya zamani, kuta za mawe, mabati mazito yaliyoshika kutu, baraza mbele, na uwanja mpana wenye mipera, mwendo mfupi tu kutoka sokoni. Aliyeniuzia alikuwa kifungua mimba wa karani aliyeijenga. Alinionyesha kaburi la babake, upande wa kulia ukitoka mlangoni.

“Mzee hana maneno,” akasema. “Wewe mfagilie tu, mtaelewana.”

Nikauliza habari za maji, mipaka na hatimiliki. Sikuuliza mama yake yuko wapi. Mtoto yeyote wa Kijaluo anajua kwamba mume akilala kulia, kushoto kuna nafasi ya mtu. Mimi nilikuwa nimekaa pwani mno, au niliitaka ile nyumba mno.

Majirani waliniita mpangaji. Nilidhani ni dharau yao kwa mgeni. Wakifungulia mbuzi waingie uani kwangu, nikilalamika, wanasema watangoja mwenye nyumba aje. Baadaye ndipo nilipojua kwamba yule kifungua mimba alimwambia kila mtu, pamoja na mama yake aliyekuwa akiishi naye karibu na Awendo, kwamba nyumba ameipangisha tu.

Mwaka wa pili, alasiri moja, wanaume watatu waliingia na majembe na sururu. Mmoja alikuwa mdogo wa yule aliyeniuzia. Akasema mama yao amefariki na wamekuja kuchimba. Nikamletea hatimiliki. Hakunyoosha hata mkono kuipokea.

“Omera, ndugu yangu, hiyo karatasi inajua baba amelala wapi?”

Nikamwambia wamzike huko alikokuwa akiishi. Akasema huko alikuwa mgeni wa mwanawe, hapa ndipo mumewe alipomjengea. Nikafunga geti. Kesho yake wakaja ukoo mzima, wakakata ua upande wa barabara, wakaingia na turubai na masufuria. Nilikuwa nimemwita chifu. Alivua kofia, akawasalimu wafiwa kwanza, kisha akaniambia nina haki ya kwenda kortini wakimaliza kuzika.

Kifungua mimba alikuwa amesimama nyuma ya watu, akitazama viatu vyake. Nikamwita kwa sauti, nikamtaka aseme mbele ya ndugu zake aliniuzia nini.

“Niliuza nyumba,” akasema. “Mama yangu sikumuuza.”

Watu wakacheka, na mdogo wake akacheka kuliko wote, ingawa hadi jana yake naye alidhani mimi ni mpangaji. Walikata mipera wapate nafasi ya turubai. Walipika barazani kwangu na kuniomba chumvi. Shangazi yao mmoja, mwanamke mnene mwenye leso mbili, alinikuta nimesimama mlangoni pangu mwenyewe.

“Mpangaji, sogea,” akaniambia. “Unazuia moshi.”

Wakamzika kushoto. Baada ya matanga kifungua mimba alikuja peke yake, mpole kabisa. Akasema nikae bila wasiwasi, hakuna atakayenigusa. Wao watakuwa wakija tu kuwaona wazee, na nisiruhusu nyasi zipande juu ya makaburi. Aliongea kama mtu anayemwachia maagizo mlinzi wake.

Nilikwenda Migori nikatafuta mafundi, kwa sababu wa Homa Bay wasingekubali. Walifika asubuhi na lori, wakang'oa mabati, wakashusha mbao za paa, wakatoa milango, fremu, madirisha na hata ndoano za mapazia. Aliuza nyumba, basi nilikuwa nabeba nyumba. Mawe na makaburi niliwaachia.

Majirani walijipanga kando ya barabara wakatazama. Mzee mmoja alisema ni mwiko kuacha makao ya wafu wazi hivyo. Nikamwambia awahamie yeye. Lori lilipojaa, mwanamke wa nyumba ya pili alivuka akaniuliza kama ningemuuzia dirisha moja. Nikamwambia dereva atie moto, twende Isebania.