Baba Alipofunga Breki

Baba alipopunguzwa kazi reli, alirudi nyumbani na kiinua mgongo, kofia ya udereva, na tabia ya kuamka kabla ya jogoo bila kuwa na pa kwenda. Ilikuwa miaka ile mashirika yanapunguza watu na maduka yanajaa vitu vya nje. Kila mtu mjini kwetu Itigi alikuwa anaambiwa ajiajiri, na waliokuwa wakituambia hivyo walikuwa wameajiriwa. Wenzake baba walinunua mashine za kusaga, wengine ng'ombe, mmoja akaongeza mke. Baba alikwenda Dodoma kumnunulia mama cherehani, akarudi na televisheni, jenereta na mashine ya gemu.

Mama hakusema neno siku nzima. Jioni akasema mengi, kwa Kinyiramba, lugha ya kwao Kinyangiri, ambayo nyumbani kwetu ilitumika kwa mambo mazito na kwa kufukuza kuku.

Hivyo ndivyo chumba chetu cha mbele kilivyogeuka banda la gemu. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo, kwa hiyo nikapewa usimamizi. Kazi hiyo ilinifaa, maana nilikuwa na ulimi mkali na sikuwaogopa vijana walionizidi kimo. Nililisha jenereta mafuta, nikapokea hela, na aliyegoma kuachia pedi ya kuchezea muda wake ukiisha nilimchomolea waya.

Gemu lililopendwa kuliko yote lilikuwa la magari. Unaanza na kigari kidogo, cha kutia huruma. Ukishinda shindano unapewa pointi, pointi zikitosha unanunua gari lenye nguvu zaidi, unaingia shindano gumu zaidi. Juu kabisa ya yote kulikuwa na shindano moja refu kupita kiasi, na mshindi wake alizawadiwa gari jekundu ambalo haliuzwi kwa pointi zozote. Hakuna mtu Itigi aliyewahi kulipata. Vijana walilizungumzia kama watu wanavyozungumzia mvua.

Tatizo letu lilikuwa memori kadi, kile kijikadi kinachotunza ulipofikia. Tulikuwa nayo moja tu, kwa hiyo mji mzima ulikuwa na gereji moja. Huyu anatoka jasho juma zima kupata gari, yule anakuja kesho yake analiuza ili anunue la rangi anayoipenda. Ngumi zilipigwa. Nilipomwambia baba kwamba banda litavunjwa, alichukua panga. Akatoka, akarudi na kipande cha mti wa mgunga alichokichonga vizuri, urefu wa mkono.

Akatueleza. Reli ya kati ni njia moja, treni zinakwenda na kurudi juu ya chuma kilekile. Enzi zake dereva hakuingia kipande cha njia mpaka akabidhiwe ruhusa mkononi na stesheni masta, na ruhusa ilikuwa moja tu. Ukiwa nayo wewe, mwingine hana, na asiye nayo anangoja. Basi kuanzia siku ile, gereji haiguswi ila na mwenye fimbo ile. Hajichukulii fimbo mwenyewe, anapewa na aliyekuwa nayo, mkono kwa mkono. Vijana walicheka, lakini walishika utaratibu, na ngumi zikaisha. Watoto wa mji wa reli wanajua treni mbili zikikutana nini kinatokea.

Mambo yangeishia hapo kama baba asingejaribu kucheza. Alianza siku moja ya jua kali, banda likiwa tupu, akaniambia nimwonyeshe pedi inavyoshikwa. Gemu likamdai leseni kwanza, maana lilikuwa na mitihani yake ya udereva. Baba alifurahi mno. Alisema hatimaye ameona kitu cha kisasa chenye akili. Akafanya mitihani yote, akarudia aliyoshindwa, akaipasi.

Halafu akaingia mashindanoni akawa wa mwisho. Aliendesha gari la mashindano kama anavuta mabehewa. Kona ikionekana kwa mbali anaanza kupunguza mwendo. Gari la mbele akilifikia, analifuata kwa adabu nyuma, kwa sababu kwenye reli hampitani ila stesheni. Vijana waliziba midomo kwa viganja, wakaona haya kumcheka mtu mzima waliyekuwa wakimpa shikamoo dakika moja kabla.

Lakini baba alikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho. Lilikuwepo shindano dogo la mwanzo, la kitoto, ambalo kila ukilishinda unapewa kigari, na kigari unaweza kukiuza. Vijana waliita mchezo huo kuchota. Unashinda, unauza, unarudia, unashinda, unauza. Wao walichota mara tatu nne wakachoka. Baba alichota kutwa. Alikuwa amekwenda Tabora na kurudi zaidi ya nusu ya maisha yake, kurudia njia hakukumsumbua hata kidogo. Mama alipomuuliza anafanya nini humo ndani, alijibu haba na haba hujaza kibaba. Mama akauliza kama kibaba hicho kinapikwa.

Swali lake lilikuwa la haki. Mama alikuwa na shamba nje ya mji, la alizeti na uwele, na maksai wawili, na maksai hawalimi na mtu mmoja. Mmoja anashika plau, mwingine anatangulia na fimbo kuwaongoza. Miaka yote baba akiwa safarini mama aliazima watu. Baba alipopunguzwa kazi, mama alilia pamoja naye, kisha akafuta machozi akajua angalau sasa amepata wa kutangulia. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na wa kutangulia alikuwa anachota.

"Nikilipata lile jekundu, naja shambani," baba alimwambia. "Nakuahidi."

Nilikuwepo, na nilimwona mama akiamua kuamini. Iliniuma. Mimi nilijua kitu kingine ambacho sidhani mama alikijua. Tangu aliporudi, baba hakuwahi kukanyaga stesheni, na ni mwendo wa kutafuna muwa mmoja. Dirisha la banda lilitazama reli. Saa ya treni ikikaribia, baba alisimamisha gemu, akaniambia anakwenda kuangalia jenereta, akakaa nyuma ya nyumba karibu na kelele zake mpaka treni ipite. Jenereta lile halikuwa na ubovu wowote. Nilichoogopa ni kwamba akilipata jekundu atatafuta la bluu, na mvua itatukuta, na mama hatamwamini tena kwa lolote.

Pointi zikatosha. Baba akanunua gari la kuingilia shindano refu, na siku yenyewe banda likajaa. Nilijaza tangi la jenereta mpaka shingoni. Siku hiyo treni ilikuwa imechelewa tangu asubuhi na hakuna aliyejua iko wapi. Wauza asali wanaongoja abiria stesheni walikuwa wamekata tamaa, wamerudi na madumu yao, baadhi yao wamejibana hapo kwetu kutazama. Baba alivaa kofia yake ya kazi. Fimbo aliiweka mapajani.

Aliendesha vizuri siku hiyo, na nasema hivyo mimi nisiyempendelea mtu. Alikuwa amejifunza kupita magari mengine, ingawa kila akipita alisema "samahani" kwa sauti ndogo. Raundi zikahesabika na kuhesabika. Walioongoza mwanzo walichoka, wakaingia kubadilisha matairi, baba akasonga. Jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Raundi ya mwisho akawa wa kwanza, peke yake, nyuma yake njia nyeupe tupu. Nilikuwa nimemshika bega bila kujua.

Ndipo treni ikapiga honi. Karibu kabisa, kwenye kona ya kuingia mjini, ile honi ndefu inayopita ndani ya kifua.

Baba akafunga breki.

Alifunga yote, kwa vidole gumba vyote viwili, na gari likasimama katikati ya barabara mbele ya mstari wa mwisho. Kwenye njia moja, ukisikia honi isiyo yako mbele yako, unasimama kwanza, unauliza baadaye. Mikono yake ilifanya hivyo bila kumwomba ruhusa. Gari la pili likampita. La tatu likaonekana linakuja. Mimi nilitaka kulia kwa hasira.

Treni ikapiga honi tena. Baba akatazama dirishani. Kisha akaweka pedi magotini pangu, akainua fimbo akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Shika. Njia ni yako."

Akatoka, na kofia yake kichwani, akaelekea stesheni.

Nilimaliza zile hatua zilizobaki kwa sababu nilikuwa na fimbo na sikujua la kufanya nayo. Nikawa wa tatu. Nikampa fimbo aliyekuwa karibu nikakimbia.

Nilimkuta chini ya injini. Dereva alikuwa kijana aliyewahi kufundishwa naye, ameinama dirishani anampa shikamoo, na baba anamuuliza kilichowachelewesha, kwa ukali kidogo, kama bosi. Alikuwa ameweka kiganja kwenye chuma cha injini na hakukiondoa mpaka treni ilipoanza kusogea. Alisimama hapo hadi behewa la mwisho. Alikuwa analia waziwazi, na watu wa Itigi, ambao kwa kawaida hawana kazi ila kutazama, walitazama asali zao.

Njiani kurudi aliniuliza nimekuwa wa ngapi. Nikamwambia. Akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu apunguzwe.

"Basi jekundu halijapatikana," akasema.

Nilijua ahadi ilivyosemwa, na nilijua mama atakavyoipokea habari hii. Tulimkuta uani anapaka mafuta vyuma vya plau. Hakuuliza gari. Baba alisimama mbele yake, akavua kofia.

"Kesho mnatoka saa ngapi?"

"Alfajiri," mama akasema, bila kuinua macho.

Alfajiri tulikuwa shambani sote watatu. Mama aliwafunga maksai, akashika plau, akangoja baba atangulie. Baba hakutangulia. Alisimama pembeni mwa shamba, miguu imebana, kama mtu aliyefika ugenini hajakaribishwa. Fimbo ya maksai ilikuwa imelala mtaroni mbele yake, hatua chache, angeweza kuinama tu akaiokota. Nilifungua mdomo nimwambie.

Mama aliniwahi kwa jicho. Alikuwa mke wa reli kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa hai. Akaacha plau, akazunguka maksai, akaokota fimbo, akaipangusa udongo kwa khanga yake, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Baba akaipokea, ndipo akaingia shambani.